Kichanja cha Mama

Mimi ni fundi wa nguo, na wateja wangu wa mtaa wa Kondele wanaijua hasira yangu. Mtu akiniletea kitambaa asubuhi na kutaka gauni jioni, atasikia maneno yangu. Akirudi kulalamika kwamba nguo inambana, ilhali naona kwa macho yangu kiuno kimenona, sibishani naye. Nafungua daftari la vipimo, namwonyesha alivyokuwa mwaka jana, na maneno yanaishia hapo. Daftari langu halijawahi kumdanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi mwenyewe, na niliyemdanganya ni mama yangu.

Mama alikuwa akiuza omena kwenye ufuo wa Dunga. Kwa asiyezijua, omena ni visamaki vidogo vya ziwani, urefu wa kidole, vinavyoanikwa juani na kuliwa vizima pamoja na vichwa. Asubuhi mashua zikifika mama alizinunua mbichi, akazimwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, kisha siku nzima akainama kuzigeuza. Zikikauka alizijaza kwenye karai, akaweka ngata ya kitambaa kichwani, karai juu ya ngata, akaondoka bila kulishika kwa mkono. Alikuwa mrefu, na akibeba mzigo ndipo alipozidi kunyooka. Wenzake walisema ukimpoteza sokoni, tafuta karai lililo juu kuliko yote. Nilikuwa naringa na jambo hilo shuleni, wala sioni haya kulisema.

Baba alifariki tukiwa wadogo, na ni Dunga iliyotulea. Mama alikuwa na nafasi yake ya kuanikia, karibu na maji, na kila mtu aliijua. Nafasi ya namna hiyo haina cheti. Ikikaa tupu msimu mmoja, mwingine anatandaza nyavu zake, na huwezi kumlaumu.

Kila Krismasi nilimshonea gauni jipya la kanisani. Alikuja Kondele mapema Desemba, akasimama katikati ya kibanda changu, nikampima bega hadi kisigino, nikaandika. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya themanini, gauni likaburura mbele. Nilijilaumu kwa kukata vibaya. Mwaka uliofuata likaburura tena, nikamlaumu mwenye duka la vitambaa, nikaenda hata kumgombeza mbele ya wateja wake. Mwaka wa tatu nikaelewa kwamba mgongo wa mama ulikuwa umeanza kupinda. Nikasema moyoni, ni uzee huo, utafanya nini. Basi nikawa napandisha pindo la mbele kimyakimya, naongeza kitambaa kidogo mgongoni, na mama akivaa, gauni linakaa sawasawa chini. "Umeona? Umependeza," namwambia. Naye anajigeuza, anafurahi, anaenda zake. Nilijiona mtoto mwema sana.

Kisha ikaja asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama aliinama kugeuza omena kama siku zote, akasikia kitu kimekatika mgongoni. Hakuwa amebeba mzigo. Hakuwa ameanguka. Mkononi alikuwa na ufagio mdogo tu wa kugeuzia. Wenzake walimlaza kivulini, wakanitumia habari. Zahanatini alipewa dawa ya maumivu na ya malaria, kwa sababu siku hizo kila maumivu pale kwetu yalianza kwa kutibiwa malaria. Wiki tatu baadaye alikuwa bado hawezi kujivalisha viatu. Ndipo nikafunga duka, nikampeleka hospitali mjini akapigwe picha ya mgongo.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo aliyetoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata nikaona aibu na changu. Aliiweka picha kwenye taa, akatuonyesha pingili za uti wa mgongo, moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa zimebonyea upande wa mbele, kama mkate uliokaliwa. Akasema mifupa ya mama imepoteza madini yake, imekuwa myepesi na yenye matundu ndani, na kwamba ugonjwa huo unaitwa osteoporosis. Huja taratibu bila kuuma, mpaka siku mfupa unapovunjika kwa jambo dogo tu.

Nilimkatiza. Nilimwambia ameshika picha ya mtu mwingine. Huyu ni mwanamke aliyebeba mizigo tangu utotoni na kula samaki maisha yake yote, mifupa yake itakuwaje myepesi? Daktari hakukasirika. Alimuuliza mama hedhi yake ilikoma lini. Mama akasema ilikoma mapema, kabla hajafika miaka arobaini, alipofanyiwa upasuaji wa kizazi na kutolewa kila kitu. Daktari akaeleza kwamba baadhi ya vile vilivyotolewa, yaani ovari, ndivyo vilivyokuwa vikiilinda mifupa. Kisha akauliza kuhusu sigara.

"Hapana," mama akasema.

Nilimtazama. Akina mama wengi wa rika lake kule ziwani walivuta kwa namna yao: ncha yenye moto inaingia mdomoni, midomo inafungwa, na upepo wa ziwa hauizimi. Mama alikuwa amevuta hivyo tangu kabla sijazaliwa. "Anavuta, daktari," nikasema. "Ni vile moto unakaa ndani." Daktari aliweka kalamu chini, akaomba aelezwe tena pole pole. Mama alinikata jicho ambalo nalikumbuka hadi leo.

Mwishowe daktari akauliza swali lililonimaliza. "Mama amepungua urefu?"

"Hajapungua," nikajibu haraka. Hapo hapo nikakumbuka jibu lilikuwa wapi. Nikaomba ruhusa. Nilikwenda Kondele, nikafungua duka, nikachukua daftari na kurudi nalo nikitweta. Foleni ilikuwa bado haijaisha, tukaingia tena. Nilimfungulia daktari kurasa za mama, Krismasi nane mfululizo. Bega hadi kisigino, inchi hamsini na nne. Hamsini na tatu na nusu. Hamsini na tatu. Zikashuka hivyo mpaka hamsini na moja. Zote kwa mwandiko wangu, na hata siku moja sikuwahi kuzitazama pamoja. Inchi tatu za mama yangu zilikuwa zimekaa ndani ya saraka yangu, chini ya vifungo na zipu.

Nililia. Nilimwambia mama kwa Kijaluo, lugha yetu, kwamba nilikuwa najua mgongo unapinda, na kwamba kila mwaka nilipandisha pindo nisimwambie. Nilingoja anigombeze, na ningestahili. Akaniuliza, "Ulipandisha mbele peke yake?" Nikasema ndiyo, na nyuma niliongeza. "Ndiyo maana nilidhani bado nimenyooka," akasema. Afadhali angenipiga.

Tukaja kwenye matibabu, na hapo ndipo nilipomjua mama yangu upya. Mimi niliyesoma nilitaka mambo mawili tu: dawa kali kuliko zote, na mama atoke Dunga akakae nyumbani kwenye kiti. Mama hakuingia darasani hata siku moja. Lakini alimbana yule daktari kwa maswali vile alivyokuwa akimbana mwenye mashua, akitaka kujua samaki wamevuliwa saa ngapi.

"Daktari," akasema kwa Kiswahili chake cha ziwani, "hii mfupa yenye imeenda, iko dawa ya kurudisha?"

"Sitakudanganya, mama. Kuirudisha yote hatuwezi. Tunaweza kujaribu kuishikilia iliyobaki."

Mama akaitikia kwa kichwa. Baadaye aliniambia kwamba alimwamini kuanzia hapo, kwa sababu hakuanza kwa kuzisifu dawa zake.

Daktari alieleza bila haraka. Kulikuwa na vidonge vya homoni, vya kurudisha mwilini kile kilichokoma baada ya upasuaji. Viliwasaidia wanawake wengi, lakini huenda vikaleta hatari kwenye matiti au kugandisha damu, kwa hiyo angehitaji kuchunguzwa mara kwa mara. Mama akauliza kama dada yake mkubwa, aliyekufa kwa ugonjwa wa titi, anahesabiwa hapo. Daktari akasema anahesabiwa sana. "Basi hiyo wacha," mama akasema. Kulikuwa pia na dawa mpya ya kutafutwa Nairobi. Daktari alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewapa watu wachache tu. Mimi nikadakia, hiyo hiyo. Mama akaniwekea mkono gotini ninyamaze. Akauliza kama itapatikana kila mwezi bila kukosa. Daktari akasema hawezi kuahidi. "Dawa ya kukatikakatika mimi hapana," mama akasema. Wakakubaliana kwamba akivunjika tena, watalizungumza upya.

Zikabaki tembe za kalsiamu na vitamini, kutembea kila siku, kuacha sigara, na makatazo mawili: asibebe mzigo kichwani, na asifanye kazi ya kuinama. Daktari akamwambia pia ale omena kwa wingi, na mifupa yake. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Miaka yote aliyouza omena, yeye mwenyewe alikula ngege na samaki wengine wakubwa. Kwake omena ilikuwa ya kuuza.

Nje kwenye benchi nikamwambia, kwa hiyo Dunga basi. Mtu asiyeweza kuinama wala kubeba atafanya nini ufukweni? Watoto wake tupo, tutamlisha. Mama akajifunga kitambaa chake kichwani vizuri. "Nikitoka Dunga," akasema, "nitakufa na mifupa mizuri." Tuligombana hapo benchini, mimi kwa sauti na yeye kwa upole, mpaka askari wa mlangoni akaja kutuuliza kama kuna shida.

Sigara aliiacha mara tatu. Mara ya tatu ikawa kweli. Miezi hiyo alikuwa mkali hata mimi nikamwogopa, na mimi si mtu wa kuogopa. Tembe alizimeza kila siku baada ya chakula, hakuruka hata moja. Omena alizila huku amekunja uso, halafu baada ya muda nikamkuta anaongeza nyanya na kulamba vidole. Kule Dunga jirani mmoja alimshikia nafasi yake, lakini alituma ujumbe kwamba kuna mama mgeni ameanza kuulizia.

Wiki hizo za kupona alishinda kwangu dukani, kwenye kiti chenye egemeo, akinitazama nikifanya kazi. Siku moja akauliza, "Kwa nini hukatii kitambaa chini? Chini si kuna nafasi kubwa?"

"Chini? Mgongo si utanimaliza," nikamjibu bila kufikiri, mkasi mkononi.

Nilikata kidogo mbele, kisha mkono ukasimama wenyewe. Mimi nilitengenezewa meza ya kukatia inayofika kiwikoni tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, na niligombana na seremala mpaka akaipata sawa. Mama yangu aliinama mchangani miaka thelathini, na hakuna aliyemfikiria, hata mimi mwenye tepu ya kupimia shingoni. Niliona haya, nikageuka nikajifanya natafuta chaki.

"Meza hii alikutengenezea nani?" mama akauliza.

Ni seremala wa mtaa wa Obunga, na kesho yake tulikuwa kwake. Mama alishajua anachotaka. Alitaka kichanja, yaani meza isiyo na ubao juu: miguu minne ya miti migumu, fremu, waya wa matundu, na juu yake wavu wa zamani ili omena zisidondoke. Maji yachuruzike chini, upepo upite. Seremala alisema hajawahi kuona omena zikianikwa mezani. Mama akamwambia hata yeye hajawahi. Nilimsimamisha amenyooka kadiri alivyoweza, nikampima kutoka chini hadi kiwikoni. Inchi thelathini na nane. Nikaiandika kwenye ukurasa wake, chini ya zile namba nyingine.

Tulipokipeleka Dunga watu walikusanyika. Walikiita kitanda. Mmoja akauliza kama omena zitahitaji na shuka, mwingine akasema mama ameanza kuwaandalia samaki meza badala ya watu. Mama aliwaacha wacheke. Akamwaga omena zake, akasimama wima, akaanza kuzigeuza kwa mkono, bila kuinama hata mara moja. Karai zilizojaa zilibebwa na kijana wa mkokoteni, na ngata yake akaitundika kwenye msumari mguuni mwa kichanja. Siku ile aliitazama sana. Najua ilimuuma, kwa sababu aliniambia wazi, "Hii inaniuma kuliko sigara."

Halafu mvua ikanyesha, ile ya ghafla ya alasiri. Omena za wenzake zilizokuwa chini zikalowa na kujaa mchanga, na wenyewe wakawa wanazikusanya wakikimbia, migongo imepinda. Mama alivuta turubai juu ya kichanja, akakaa kwenye kiti chake. Kesho yake jua lilipotoka, zake zilikauka mapema. Wanunuzi wakaanza kuja moja kwa moja kwake, maana omena zake hazikuwa na mchanga wa kutafuna. Kabla msimu haujaisha, yule jirani aliyemshikia nafasi alikuja dukani kwangu akasimama katikati ya kibanda, akakunja mkono. "Nipime kiwiko," akasema. Nilimpima bure. Baada yake wakaja wengine, na daftari langu la magauni likajaa viwiko vya Dunga.

Miaka ilipita. Mama aliendelea kuja kila Desemba. Hakuvunjika tena, na vipimo vyake vilitulia: hamsini na moja, hamsini na moja, hamsini na moja. Nilivisoma kwa sauti kila mara, naye akawa anavirudia baada yangu kama anayejibu kanisani. Mwaka mmoja daktari alimpeleka apigwe picha nyingine, akasema pingili zile mbili zimebaki vilevile na hakuna mpya. Mama alimletea pakiti ya omena. Yule mtu wa pwani alizipokea kwa mikono miwili, akauliza zinapikwaje.

Kisha, karibu na mwisho wa miaka ile ya tisini, nilimvalisha gauni jipya, nililokuwa nimelishona kwa kipimo cha mwaka uliotangulia, nikarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa linagusa viatu mbele. Nilipiga magoti, nikaweka tepu mara ya kwanza na mara ya pili. Hamsini na robo. Pini zilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ningeweza kupandisha pindo hapo hapo na yeye asijue, mikono yangu ilikuwa inaijua kazi hiyo vizuri. Mama alikuwa anatabasamu, anangoja nimwambie hamsini na moja.

Nilitoa pini mdomoni. "Mama," nikasema, "umepungua. Robo tatu ya inchi."

Aliacha kutabasamu. Akajitazama chini, kwenye pindo, kwa muda mrefu. Nilibaki pale magotini. Nilifikiri sasa atasema amechoka, na Dunga itakuwa imekwisha, na mimi ndiye niliyeimaliza kwa mdomo wangu.

"Basi kichanja kimekuwa kirefu," akasema. "Nilikuwa nasikia bega linauma, nikadhani ni baridi. Kesho mwambie seremala aje na msumeno. Na daktari tutamwona Jumatatu."

Asubuhi tulikuwa Dunga. Mama alisimama kando ya kichanja, akakunja mkono, na kweli kiwiko kilikuwa chini ya fremu kidogo. Nilichora mstari kwa chaki yangu ya nguo kwenye kila mguu. Wenzake waliacha kazi zao wakaja kusimama, na hakuna aliyecheka. Seremala akakata mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Vipande vilianguka mchangani, vyembamba, kila kimoja unene wa biskuti. Mama aliviokota mwenyewe, akipiga magoti pole pole bila kupinda mgongo, vile alivyofundishwa. Akavifuta mchanga, akavipanga kwenye kiganja, akaninyooshea nivione.

"Miaka yote hii," akasema, "huu ugonjwa umeweza kuchukua hivi tu."

Akavitia mfukoni mwa aproni, akarudi kwenye kichanja, akaanza kugeuza omena.